Dakika Tatu za Turbo

Kijana wa jirani yangu hapa Nyanga ana gari la Kijapani lenye turbo, na mimi na gari hilo hatuelewani. Si kelele zake zinazonikera. Kelele nimezizoea tangu nikiwa msichana. Kinachonikera ni kile kifaa kidogo alichokifunga chini ya usukani, kinachoiacha injini ikinguruma baada ya mwenyewe kuchomoa ufunguo. Anashuka, anafunga mlango, anaingia ndani kunywa chai, na gari linabaki uani peke yake, linanguruma bila mtu, dakika tatu kamili. Nimeshamwambia mara mbili alizime. Ananijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu. Turbo lazima ipoe kwanza, ukizima ghafla unaiua." Ananieleza polepole, kama mtu anayemfundisha bibi kizee kutumia simu. Kanuni hiyo mimi niliijua kabla mama yake hajaolewa.

Aliyenifundisha ni mdogo wangu. Alikuwa fundi magari mjini Bukoba, na gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la spea la rafiki yake Muhindi. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimekwisha kuhama, wengine kabla ya vita ya Uganda, wengine baada yake, na mitaa ya maduka ilikuwa na milango mingi iliyofungwa kwa minyororo. Huyu alibaki kwa sababu ya baba yake mzee aliyekataa katakata kufa ugenini, na nadhani alibaki pia kwa sababu ya mdogo wangu. Walikuwa rika moja. Mmoja alikuwa na mikono, mwingine alikuwa na masikio. Muhindi yule aliweza kuegemeza fimbo kwenye injini, akaweka ncha ya pili sikioni, akakwambia ni silinda ya ngapi inayougua. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na jioni nikitoka kusahihisha madaftari nilipitia gerejini kuwapelekea chai na kuwagombeza.

Gari lenyewe lilikuwa dogo la saluni, jeupe, na ubavuni limeandikwa TURBO kwa herufi nyekundu. Lililetwa kutoka ng'ambo ya mpaka na mfanyabiashara mmoja wa Rubafu, katika ile miaka ya magendo, wakati sabuni na kitambaa vilipita porini na mwenye gari la mbio alikuwa mfalme. Mfanyabiashara huyo alikufa mapema, miongoni mwa wale wa kwanza kabisa, wakati ugonjwa wa ukimwi ulikuwa bado unaitwa Juliana, jina la kitambaa walichokuwa wakikiuza. Ndugu zake wakaliogopa gari. Walisema ugonjwa umebaki kwenye kiti cha dereva. Likakaa migombani mpaka majani yakaota ndani ya rimu, na mwisho wakamwita mdogo wangu aje aliondoe wasilione tena. Alikwenda, akapangusa kiti kwa mkono wa shati, akakaa, akamenya ndizi mbivu akala palepale mbele yao. Miaka baadaye alipoanza kuugua, wapo waliosema, "Si tuliwaambia kile kiti?" Nikikumbuka neno hilo, mpaka leo damu inanichemka.

Kwa muda wa miaka miwili mitatu lile gari lilikuwa furaha yetu, na sioni sababu ya kuificha furaha hiyo kwa kuwa mambo yaliishia pabaya. Turbo si kitu kigumu kukielewa. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inaisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Ina kilango kidogo kinachofunguka nguvu ikizidi, ili injini isipasuke. Wale wawili walikuwa wanaikaza springi ya kilango hicho kwa kuongeza washa, vile vipete vya bati, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, ili waone injini itavumilia mpaka wapi. Kipoza mafuta cha lori la jeshi, lililoungua wakati wa vita na kuachwa kando ya njia ya Kyaka, walikichomelea mbele ya rejeta kikawa cha kupoza hewa. Mwisho wakalitoa bomba la eksozi linalozuia kelele, na boksi la ea klina, la kuchuja hewa, wakalitupa uani, kuku wa mama mwenye nyumba akaanza kutagia humo. Walifanya hivyo kwa ajili ya mluzi tu. Bila lile boksi, ukikanyaga mafuta, feni ilikuwa inapiga mluzi mwembamba unaopanda, unapanda, mpaka unausikia kwenye meno.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda kuujaribu kwenye barabara ya Kemondo. Dereva nilikuwa mimi. Mdogo wangu alisema wanaume wakisikia mluzi wanapoteza akili, na yeye alitaka kusikiliza, si kuendesha. Alikaa kando yangu amefumba macho. Muhindi alikaa nyuma na daftari langu la shule, anaandika. Vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye masikio. Waumini waliotoka kanisani na magauni yao meupe walitulaani kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na haki ilikuwa yao. Nililipenda gari lile. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, sijaolewa, watu walikuwa wameanza kunihesabia miaka, na kwa dakika kumi kila Jumapili sikuwa na habari na mtu.

Kanuni ilikuwa moja tu, na mdogo wangu aliishika kama amri ya kanisa. Ukisimama, usizime. Ile feni imekuwa ikizunguka kwa kasi isiyosemeka, imeiva kwa moto, na mhimili wake unaelea kwenye mafuta. Ukizima ghafla, mafuta yanaacha kupita, feni bado inazunguka, na yale mafuta kidogo yaliyobaki yanakaangika mpaka yanakuwa masizi. Ukiifanyia hivyo mara chache, imekwisha. Kwa hiyo ukifika unakokwenda, unaiacha injini ingurume polepole dakika tatu. Wala mlango haufunguliwi, kwa sababu ukifungua mlango watu wanakuja kukusalimia, unajibu salamu, mkono unajisahau na kugeuza ufunguo. Tulikuwa tunakaa ndani kimya, sote watatu, macho mbele, yeye akisikiliza injini inavyotulia. Zikiisha dakika tatu alikuwa anainua kidole. Hapo ndipo nilipozima.

Kisha watu wakaanza kufa.

Sijui niwaelezeje wasiokuwepo. Nilikuwa na watoto arobaini na kitu darasani, na kuna muhula ambao kila Jumatatu nilikuwa nauliza tu, "Leo nani kafiwa?" na mikono inanyanyuliwa. Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba ya baba yake, si mahali pengine. Akifia hospitali mjini lazima arudishwe, na magari yalikuwa machache, na mengi ya hayo yalikuwa yanakwama. Gari letu halikukwama. Wa kwanza kutuomba alikuwa jirani. Mdogo wangu akang'oa kiti cha mbele cha abiria na sehemu ya kiti cha nyuma ili jeneza lilale, tukampeleka marehemu kwao, na hakuomba chochote. Wa pili akasikia kwa wa kwanza. Baada ya mwaka hatukuwa tena na Jumapili za Kemondo. Tulikuwa na misiba ya Muleba, Kamachumu na Rubafu, na mluzi wetu ulikuwa unatangulia mbele yetu mlima hadi mlima.

Na tulipofika uani kwa wafiwa, tulifanya kama tulivyozoea. Hatukuzima. Hatukufungua mlango. Tulikaa ndani kimya, macho mbele, dakika tatu, na jeneza pembeni yetu. Watu walikuwa wanavua kofia. Baadaye niligundua walidhani tunamwombea marehemu, na mzee mmoja alimshika mdogo wangu mkono akamshukuru kwa sala zake. Mdogo wangu hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba alikuwa anasubiri turbo ipoe. Ikawa hivyo. Vijijini kote walijua: ukisikia mluzi ule, kuna mtu amerudishwa. Na gari likisimama linanguruma na hakuna anayeshuka, wanawake walianza kulia palepale, kabla jeneza halijaonekana.

Mke wa mdogo wangu tulimpeleka hivyo hivyo. Walikuwa wameoana miaka minne na hawakujaliwa mtoto. Siku hiyo mdogo wangu hakutaka niendeshe, akaendesha mwenyewe mpaka kwetu, Muleba. Mama alisimama mlangoni, watu wakalia, dakika tatu zikapita, zikapita nyingine tatu, na kidole hakikuinuka. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikazima.

Yeye mwenyewe alianza kuugua mwaka uliofuata. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, kwa hiyo alituficha kwa muda, mpaka alipoanza kuangusha spana. Nilimhamishia kwangu Nyanga. Muhindi alikuwa anafunga duka saa kumi anakuja kumnyoa na kumsimulia injini zilizoletwa siku hiyo. Kuna watu walioacha kununua spea kwake kwa sababu ya mikono hiyo iliyomshika mgonjwa. Hakuwahi kuniambia, niliambiwa na wengine.

Siku moja mdogo wangu aliniita nikae karibu. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimemfanya aseme taratibu.

"Dada, nataka kwenda nyumbani."

"Utakwenda ukipata nafuu."

"Usinidanganye, mimi si darasa la pili. Nataka nifike nikiwa hai. Sitaki nisikie watu wananilia barabarani nikiwa naona. Mama atoke, anione, anipe kahawa kama mgeni yeyote. Basi. Hicho tu."

Kwetu mgeni akifika, kabla hajaulizwa habari za alikotoka, anatolewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na majani yenye harufu. Unachukua mbili tatu, unaweka kinywani. Maana yake umefika, umepokelewa, uko kwako. Maiti hapewi kahawa. Nilielewa alichokuwa anaomba.

Nikataka kutuma habari kwa mama, akakataa. Mama akijua, alisema, kijiji kizima kitajua, na watakusanyika kumtazama. Alitaka kufika kimya. Kwa hiyo mimi na Muhindi tulifanya kazi ambayo hatukuwahi kuifanya, ya kulirudisha gari lile kuwa la kawaida. Tulilitafuta bomba la kuzuia kelele, tukalifunga. Boksi la ea klina tulimnyang'anya kuku akiwa amelalia mayai sita, na ugomvi wake mama mwenye nyumba aliuendeleza kwa niaba yake. Tulitoa washa zote kwenye springi. Tulirudisha viti. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anatuelekeza, na tulipowasha na mluzi usisikike, alisema, "Sasa limekuwa gari la padri." Tulicheka sote. Nilimuahidi mbele ya Muhindi kwamba nitamfikisha kwa mama kimya, na akiwa hai.

Tuliondoka asubuhi baada ya ukungu kuinuka. Muhindi alikaa nyuma naye, amemwegemeza begani, amemfunika blanketi. Niliendesha kama nimebeba maziwa. Kemondo tukapita, Muhutwe tukapita, hakuna aliyegeuza shingo. Wanawake walikuwa wanalima, wakatutazama kama wanavyotazama gari lolote, wakaendelea. Mara mbili nilimwona kwenye kioo anatabasamu. Tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima wa kwetu alikuwa amesinzia, kichwa kwenye bega la rafiki yake, na mimi moyoni nilikuwa najisifu. Nimeweza, nilisema. Nimemfikisha.

Niliingia uani, nikasimama chini ya mti wa mbuni ulio karibu na jiko. Na sikuzima.

Sikuwaza. Naapa sikuwaza. Mkono ulitoa gia, ukarudi mapajani, nikatazama mbele. Muhindi naye akatazama mbele. Tulikaa kimya, injini ikinguruma polepole, tukisubiri kidole cha mtu aliyekuwa amelala.

Mama alitokea migombani na mzigo wa majani kichwani. Aliona gari lililomleta mkwewe. Aliliona linanguruma na hakuna anayeshuka. Aliniona mimi, mwanawe, nimekaa wima nimetazama mbele, na nyuma yangu mtu amefunikwa blanketi mpaka shingoni, amefumba macho. Majani yalimwanguka. Alijitupa chini akapiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani, "Mwana wange! Mwana wange, wansiga!" Mwanangu, umeniacha. Na migomba yote ikaitikia. Kutoka kila kibanja wanawake walikuwa wanakuja wakilia, wameshika vichwa, wanalitaja jina lake.

Nilipogeuka alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamtazama mama yake kupitia kioo, anamsikiliza akimlilia. Ndipo nilipozima. Niliruka nje nikapiga kelele, "Yu hai! Mama, yu hai!" lakini nani wa kunisikia. Nilimshika mama mabega nikamtingisha. Alipoelewa, alijifunika uso kwa khanga, akakimbilia ndani, akajifungia. Wanaume wakambeba mdogo wangu wakamwingiza chumba cha mbele na macho yao yamelowa. Hakuna aliyemsalimia. Hakuna aliyekumbuka kahawa.

Jioni nilikaa kando ya kitanda chake.

"Dada," aliniuliza, "ulikuwa unasubiri nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Turbo ipoe."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na Muhindi akaja kumwinua. "Nilikufundisha vizuri," alisema alipopata pumzi. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana niliumia zaidi. Angenitukana ningelala usingizi.

Muhindi alirudi mjini kwa lori la kahawa, mimi nikaomba ruhusa shuleni nikabaki. Mama alimuuguza mwanawe kwa mikono yake yote miwili. Alimwogesha, alimpondea ndizi laini, alimbadilishia shuka. Lakini hakumtazama machoni. Alikuwa anaingia chumbani ameinamisha kichwa, anatoka ameinamisha kichwa. Aliamini kwamba mzazi aliyemlilia mtoto wake akiwa hai amekwisha kumkabidhi kwa kifo. Kila mgonjwa alipoamka dhaifu kuliko jana, aliona ni sauti yake inayofanya kazi. Nilimwambia ugonjwa hausikilizi kilio cha mtu. Nilimwambia kwa ukali, kama ninavyomwambia mtoto asiyetaka kuelewa hesabu, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sikuweza kuvumilia kuona analibeba yeye. Na mdogo wangu aliniambia siku moja, wakati mama yuko jikoni, "Mama ameshanizika. Anamhudumia mtu mwingine."

Wiki ya tatu, mchana, nilikuwa nafua nje. Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Gari lako linawaka?"

"Linawaka, mama."

"Mtoe. Mpeleke mpaka barabara kuu, umrudishe upya. Mara ile sikumwona. Nilikuwa nalia, sikumwona mwanangu alivyofika."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimtazama, nikaona ameshavaa gauni lake la kanisani. Alikuwa pia amekwisha kupita kwa majirani wote wa mlima ule, akiwaambia mtu yeyote akithubutu kulia leo, asimsalimie tena maishani.

Tulimbeba mimi na mama mpaka kwenye gari, tukamkalisha mbele. Hakuwa na uzito wa kuhitaji watu wawili. Niliteremka naye polepole mpaka barabara kuu, nikageuza, nikasimama. Aliniambia, "Dada, toa lile boksi."

"Utasikika mlima mzima."

"Safari hii wasikie."

Nilifungua boneti. Boksi la ea klina linashikwa na klipu nne. Nilizifungua, nikaling'oa boksi, nikalitupa kiti cha nyuma pamoja na manyoya ya kuku yaliyokuwa bado yamo. Nilipokaa, alikuwa amekwisha kufumba macho, kama zile Jumapili.

"Kanyaga," alisema.

Nilikanyaga. Mluzi ulipanda, ukapanda, mawe yakaruka nyuma, migomba ikapita dirishani, na yeye ameweka kiganja juu ya dashibodi anausikiliza mwili wa gari. Katikati ya mlima nilisikia kilio kimoja kinaanza migombani, kisha kikakatika ghafla, nadhani kuna mtu aliyezibwa mdomo. Mdogo wangu alitabasamu bila kufumbua macho. Sikupunguza mwendo mpaka uani. Sijawahi kuliendesha gari lile kwa nguvu kiasi hicho, na najua feni ilikuwa nyekundu kwa moto tulipofika chini ya mbuni.

Gurudumu halijatulia vizuri, nikazima.

Alifumbua macho. "Utaiua," alinong'ona.

"Na ife," nilisema, nikashuka, nikazunguka mbio, nikafungua mlango wake wote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kanisani, kikapu cha kahawa mikononi. Alikuja hatua kwa hatua mpaka kwenye gari na alikuwa anamtazama machoni njia nzima. Hakulia.

"Umerudi, mwana wange?"

"Nimerudi, mama."

"Habari za safari?"

"Nzuri, mama. Dada anaendesha vibaya."

Alimpa kikapu. Mdogo wangu alichukua punje mbili. Kwa vidonda vile hakuweza kutafuna, sote tulijua, lakini aliziweka shavuni akazishikilia humo, na akakaa nazo jioni nzima, akizihamisha kutoka shavu hili kwenda lile, wakati mama amekaa ukingoni mwa kitanda anamuuliza habari za mjini, za Muhindi, za kuku wa mama mwenye nyumba. Aliishi siku tisa baada ya hapo. Siku ya kumi asubuhi mama alitoka nje akalia, na safari hii kilikuwa kilio cha haki, kila mtu akaja. Muhindi alifika kwa lori, akapiga magoti kwenye udongo wa kaburi na suruali yake nyeupe.

Turbo haikupona. Niliporudi mjini ilikuwa inatoa moshi wa bluu na mluzi umekuwa mkwaruzo, na haikuchukua muda ikasimama kabisa. Muhindi alikuwa na nyingine dukani, aliihifadhi kwa ajili ya rafiki yake, akataka kunifungia. Nilimkatalia. Aliirudisha kwenye rafu ndani ya boksi lake la karatasi, na hatukulizungumzia tena. Niliendesha gari lile bila turbo miaka mingi, zito, linapanda milima kwa kulalamika, mpaka kutu ikaila sakafu yake.

Jana yule kijana alinikuta nimesimama uani kwake, nimeegemea dirisha la gari lake lililokuwa linanguruma peke yake, nachungulia ndani. "Mwalimu, unatafuta nini?" aliniuliza. Nilimwambia nilikuwa naangalia kama kuna mtu. Hakunielewa, na sikumlaumu. Mimi nikifika kwa watu nazima mara moja, gari lolote liwalo, hata wenye gari wakipiga kelele. Nazima, nafungua mlango, nashuka haraka, ili walio ndani watoke waone kwamba niko hai.